Mashine ya espreso ya kuanzia: pesa niweke wapi?

Swali
Habari zenu wandugu. Nimechoka na kahawa ya kukoroga. Natafuta mashine ya espreso ya bei nafuu, nipate kikombe kimoja kabla ya kwenda kazini. Nyingine zimeandikwa baa 15 (kipimo cha shinikizo la maji), nyingine 20. Nichukue yenye baa nyingi? Na kahawa iliyosagwa tayari itafaa?

Jibu
Karibu ndugu. Baa zisikusumbue. Espreso hutaka baa 9 hivi. Hizo 15 au 20 ni uwezo wa pampu tu.

Ninachokuomba: usimalizie pesa zote kwenye mashine. Mimi nilimalizia. Nikaijaza kahawa ya paketi, iliyosagwa tayari, na sekunde 8 tu kikombe kimejaa maji mepesi, machachu mpaka taya zinakaza. Wiki nzima niliamini mashine ni mbovu. Baadaye nikanunua kinu cha mkono, kile unachoweza kukikaza kidogokidogo, pamoja na mizani ndogo. Gramu 18 za kahawa, gramu 36 kikombeni, sekunde 28. Safari hii matone yalichelewa, kisha ukashuka uzi mwembamba, mzito kama asali, wa rangi ya hudhurungi. Na mashine ilikuwa ileile!

Ikitoka haraka na chachu, saga laini zaidi. Ikisuasua na kuwa chungu, legeza kinu. Badilisha kitu kimoja kwa wakati, la sivyo hutajua kilichosaidia.

Jibu
Nakubaliana naye. Ila kama kinu bado, tumia kikapu (kile kichujio cha chuma kinachowekwa kahawa) cha kuta mbili, chenye kitundu kimoja tu upande wa nje. Kinabana maji hata kahawa ikiwa ya paketi. Utapata povu zuri, ladha ya wastani.

Muulizaji
Asanteni sana. Basi nichukue mashine ya kawaida na kinu kizuri. Kuna cha kukagua kwenye mashine yenyewe?

Jibu
Hakikisha inapokea kikapu cha kawaida cha ukuta mmoja, maana ndicho utakachohamia ukishapata kinu. Kikapu chenye kipenyo cha milimita 58 kina vifaa vingi vya kununua baadaye, lakini 51 haina ubaya. Asubuhi iwashe mapema, ufunge mpini unaoshika kikapu mahali pake, upitishe maji matupu kwanza. Chuma kikiwa baridi, kahawa hutoka chachu hata ukisaga vizuri namna gani.