Siku moja na watoto wadogo: Mikindani, Msangamkuu au Msimbati?

MamaChuno aliandika:

Shikamooni wakubwa, na wenzangu habari za siku nyingi. Mdogo wangu anakuja kutoka Dodoma na wanawe kwa ajili ya harusi ya familia, na kabla shughuli hazijatubana ninayo siku moja tu ya kuwatembeza, Jumamosi ya wiki ijayo. Watoto wale hawajawahi kuiona bahari, na tangu waambiwe kwamba wanakuja Mtwara hawana jambo jingine wanalouliza kwenye simu. Ninataka iwe siku ya utulivu, si siku ya kukimbizana na saa.

Nimebaki na njia tatu. Ya kwanza ni kwenda Mikindani na kutembea taratibu katika mji wa kale. Ya pili ni kubaki mjini, watoto wacheze ufukweni Shangani kisha tuvuke kwa kivuko kwenda Msangamkuu. Ya tatu ni kukodi gari aina ya Noah hadi Msimbati, ambako kila mtu ananisifia mchanga mweupe na maji maangavu. Mume wangu ameongeza ya nne, Lindi, kwa kuwa ndiko kwao. Mwenye Noah anadai malipo ya awali kabla ya keshokutwa jioni, kwa hiyo naomba wenye uzoefu mnisaidie kulinganisha kabla sijatoa fedha.

MwalimuLigula alijibu:

Dada MamaChuno, karibu. Hata hivyo, hujatupa yale ambayo yangetuwezesha kukujibu. Watoto ni wangapi, na kila mmoja ana umri gani? Yupo anayebebwa mgongoni? Yupo ambaye bado analala mchana, na akikosa usingizi huo anakuwaje? Watu wazima mtakuwa wangapi? Nauliza hili la mwisho kwa uzito, kwa sababu ufukweni kila mtoto asiyejua kuogelea anahitaji macho ya mtu mzima mmoja ambaye hana kazi nyingine kwa wakati huo, si ya kupakua chakula wala ya kupiga picha. Ukitujibu hayo, njia mbili kati ya zako nne huenda zikajiondoa zenyewe.

NahodhaMstaafu alijibu:

Mwalimu ameuliza vizuri, lakini limebaki swali moja. Jumamosi hiyo mwezi utakuwa na siku ngapi? Watu wa bara hupanga safari ya pwani kwa kalenda ya ukutani, wakafika na kukuta bahari haipo.

Mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu huwa ni bamvua. Katika pwani yetu siku hizo maji hukupwa sana, yaani hurudi mbali na ufuo, karibu na saa nne asubuhi, na hujaa karibu na saa kumi jioni. Wakati wa maji mafu, yaani siku za katikati, mambo hugeuka: kwenye saa nne asubuhi maji yamejaa, na hata yakikupwa hayaendi mbali. Kila siku saa hizo husogea mbele kwa takriban dakika 50. Kwa hiyo ukiwapeleka Shangani saa nne asubuhi siku ya bamvua, watakuta uwanja mpana wa mawe na mwani. Huo unafaa sana kwa kutafuta kaa na makombe wakiwa wamevaa viatu, lakini haufai kwa kuoga. Tuambie tarehe ya mwezi, nami nitakuambia saa ya kutoka nyumbani.

BibiWaMikindani alijibu:

Marahaba, mwanangu. Mimi sina haja ya kujua umri wao ili nikuambie uje Mikindani. Kutoka mjini ni takriban kilomita 10 tu kwa barabara ya lami, daladala zipo, na bajaji itakufikisha kabla mtoto hajaanza kuuliza kama mmefika. Asubuhi vichochoro vya katikati ya nyumba za mawe huwa na kivuli, na watoto hupenda kushika nakshi za milango kwa vidole, jambo ambalo hakuna anayewakataza. Panda nao taratibu hadi kwenye Boma, lililojengwa na Wajerumani mwaka 1895 na baadaye likakarabatiwa likawa hoteli. Kutoka pale juu ghuba yote inaonekana, na ngalawa zake na mibuyu yake. Mtoto wa Dodoma atafurahi kuukuta mbuyu anaoujua wa kwao umesimama kando ya bahari. Piga simu mapema uulize utaratibu wa wageni wasiolala hapo, halafu mketi, mnywe kitu baridi, mrudi nyumbani kabla jua halijawa kali.

MamaChuno alijibu:

Nisameheni, haraka ilinifanya niyaache ya muhimu. Watoto wa mdogo wangu ni watatu: wa miaka 5, wa miaka 3 na wa miezi 8. Wangu ni wawili, wa miaka 7 na wa miaka 4. Watu wazima tutakuwa watatu, mimi, mdogo wangu na mume wangu. Hakuna mtoto anayejua kuogelea, na yule wa miaka 3 asipolala mchana hulia hadi usiku. Usafiri binafsi hatuna. Kuhusu mwezi, nimehesabu na kuona kwamba Jumamosi hiyo utakuwa na siku 14 au 15.

NahodhaMstaafu alijibu:

Hiyo ni bamvua. Kwa hiyo asubuhi maji yatakuwa mbali kila mahali, Msimbati na Mikindani pia, na yatarudi mchana hadi jioni. Ghuba ya Mikindani ikikupwa namna hiyo huacha tope jingi kandokando, kwa hiyo Bibi, nakuomba umwambie ukweli huo pia.

BibiWaMikindani alijibu:

Tope lipo, sikatai. Lakini sikumwambia awaogeshe Mikindani, nilimwambia awatembeze.

BabaPacha alijibu:

Dada yangu, kabla hujatoa hata shilingi moja kwa ajili ya Noah, naomba usome yaliyonipata. Mwaka jana nilikodi gari kama hilo kwa mtu ambaye sitamtaja, nikiwa na mke wangu, mama yangu mzazi na pacha wetu wa miaka 4. Tulikubaliana tuondoke saa kumi na mbili na nusu asubuhi. Gari lilifika saa tatu na robo, likiwa tayari na abiria wawili tusiowajua ambao dereva alisema angewashusha njiani. Tukapita Madimba tukiwa tumebanana, mwanangu mmoja akatapika, na kiyoyozi tulichoahidiwa hakikufanya kazi. Kiasi cha kilomita 40 hivi si nyingi, lakini mwendo wa barabara ya vumbi na mchanga hauhesabiwi kwa kilomita.

Tulipofika, dereva akataka kutusogeza karibu na maji ili tusibebe mizigo, nami nikamkubalia, na hilo ndilo kosa langu ninalolijutia. Magurudumu ya nyuma yalizama mchangani hadi karibu na ekseli. Vijana wa pale walikuja kutusaidia kwa moyo mwema, wakachimba na kutandika makuti. Kazi hiyo ilichukua zaidi ya saa mbili kwenye jua la mchana, na wakati huo bahari ilikuwa inajaa kutuelekea. Mama yangu alikaa na watoto chini ya mti mmoja, maji ya kunywa yakaisha, na mmoja wa pacha akaanza homa kabla hatujarudi Mtwara. Hakuna aliyeoga baharini siku ile. Wanangu mpaka leo wakisikia neno Msimbati huuliza kama gari litazama tena. Mahali pale ni pazuri mno, na nitarudi wakikua, lakini kuwapeleka watoto watano, mmoja wao wa miezi 8, kwa gari la kukodi ambalo hulijui, mimi siwezi kukushauri.

MzawaWaMsimbati alijibu:

Pole sana, Baba Pacha, na poleni kwa mtoto. Lakini naomba ufuo wetu usibebeshwe makosa ya gari. Noah si gari la kuingiza kwenye mchanga mlaini, na kila mwenyeji angekuambia uliache juu, mshuke mtembee. Hapa ni ndani ya Hifadhi ya Bahari ya Ghuba ya Mnazi na Maingilio ya Mto Ruvuma, iliyoanzishwa mwaka 2000, kwa hiyo kuna kiingilio cha hifadhi ambacho Dada MamaChuno hajakiweka kwenye hesabu yake. Akipata gari lenye nguvu magurudumu yote manne, akabeba maji ya kutosha, akafika saa mbili asubuhi na kuondoka saa nane, watoto wataona rangi ya maji ambayo hawataisahau.

MwalimuLigula alijibu:

Ndugu yangu, umempa saa mbili hadi saa nane, na Nahodha ameshatuambia kwamba siku hiyo asubuhi maji yatakuwa yamekupwa. Atakuwa amelipa gari, mafuta na kiingilio ili aangalie bahari ikiwa mbali, kisha aondoke inaporudi. Akisubiri ijae, atarudi barabarani jioni na mtoto wa miaka 3 ambaye hakulala. Kwa Jumamosi hii hasa, Msimbati naiondoa.

Kuhusu Mikindani nakubaliana na Bibi, ila nina shauri moja. Mkifika kwenye jengo linalojulikana kama Soko la Watumwa, msipite kimya. Mtoto wa miaka 7 ana uwezo wa kuelewa kwamba watu walikamatwa, wakatenganishwa na mama zao na kuuzwa.

BibiWaMikindani alijibu:

Mwalimu, hapo tunatofautiana. Mtoto amekuja kwenye harusi na kuona bahari, nawe unataka alale akiwaza minyororo? Yapo mambo yanayosubiri umri. Mimi wajukuu wangu niliwaambia walipofika darasa la tano, na waliuliza maswali yenye akili.

MwalimuLigula alijibu:

Bibi, shikamoo, na maneno yako nayaheshimu. Nadhani tunaweza kukutana katikati. Pale Mikindani kuna nyumba yenye kibao cha kumkumbuka Livingstone, ambaye alianzia hapo safari yake ya mwisho mwaka 1866. Mimi wanafunzi wangu huwasimulia zaidi habari za Chuma, kijana wa Kiyao aliyeokolewa kutoka kwa wafanyabiashara ya watumwa mwaka 1861 na akawa katika msafara huo. Livingstone alipofariki mwaka 1873, Chuma na Susi na wenzao waliubeba mwili wake hadi pwani. Mtoto mdogo ataelewa habari ya kijana aliyekamatwa, akaokolewa, kisha akaonyesha uaminifu mkubwa namna ile. Si lazima aelezwe minyororo yote kwa siku moja.

BibiWaMikindani alijibu:

Hiyo ya Chuma naikubali.

MlindiHalisi alijibu:

Nashangaa kwamba Lindi imetajwa mara moja tu, na shemeji yetu, mume wa Dada MamaChuno, hana wa kumsemea. Ghuba ya Lindi ni tulivu, kivuko cha kwenda Kitunda kipo, na watoto wakiambiwa kwamba wako katika mkoa uliotoa dinosaria, mjusi wa kale aliye mmoja wa wanyama wakubwa kabisa wa nchi kavu wanaojulikana, watafurahi kuliko kuona mlango wa nakshi. Mifupa ya kilima cha Tendaguru ilichimbwa kati ya mwaka 1909 na 1913, na wapagazi wetu, wakisimamiwa na Boheti bin Amrani, waliibeba vichwani hadi bandari ya Lindi. Leo mjusi huyo amesimamishwa katika makumbusho ya Berlin, na kimo chake kinazidi mita 13.

BabaPacha alijibu:

Kaka, historia hiyo inanitia uchungu kila nikiisoma, na ningependa siku moja mifupa hiyo irudi. Lakini ndiyo hoja yenyewe: mtoto wa miaka 5 utamwambia habari za mjusi wa mita 13, kisha atakuuliza yuko wapi, nawe utamjibu kwamba yuko Ujerumani. Halafu Mtwara hadi Lindi ni zaidi ya kilomita 100 kwenda, na nyingine kama hizo kurudi. Ile si siku ya kupumzika.

MlindiHalisi alijibu:

Wakilala Lindi usiku mmoja, hoja ya umbali inaisha.

MamaPishi alijibu:

Naona hakuna aliyezungumzia tumbo. Popote utakapokwenda, usitegemee kuagiza samaki baada ya kufika, kwa sababu mara nyingi ndipo moto unapowashwa, na watoto wenye njaa hawawezi kusubiri saa moja na nusu. Beba vitumbua, ndizi mbivu na uji wa yule wa miezi 8 kwenye chupa ya kuhifadhi joto. Pweza waachie wakubwa, kwani kwa meno ya miaka 3 ni mgumu. Ukipata ming'oko iliyochemshwa, wape wageni waonje chakula cha huku kwetu, ambacho Dodoma hawatakikuta kirahisi.

Kwa maoni yangu, asubuhi waende Mikindani hadi saa tano, warudi nyumbani Chuno wale, yule mdogo alale, kisha saa tisa na nusu waende Shangani maji yakiwa yamejaa. Kivuko cha Msangamkuu wakiache.

NahodhaMstaafu alijibu:

Kivuko usikiondoe, Mama. Mtoto ambaye hajawahi kuiona bahari, raha yake ya kwanza ni kuwa juu yake. Ni safari ya dakika chache, kinabeba watu na magari, na wanaweza kuvuka na kurudi bila hata kukaa ng'ambo. Badala ya Mikindani ya asubuhi, wavuke asubuhi. Halafu maji kujaa saa kumi jioni siku ya bamvua maana yake ni maji mengi, si maji salama. Shangani wacheze ukingoni, yasiwapite magoti, na upepo wa kusi ukivuma kwa nguvu watoke.

MamaChuno alijibu:

Nawashukuru nyote kwa moyo wangu wote. Mwenye Noah nimemwambia kwamba sitachukua gari. Mume wangu amesoma aliyoandika MlindiHalisi na sasa anasema twende Lindi Jumapili tukalale huko, jambo ambalo ratiba ya harusi hairuhusu, ila tunaendelea kuzungumza. Kati ya Mikindani na kivuko kwa asubuhi ya Jumamosi bado sijachagua, kwa sababu mdogo wangu anaiogopa bahari kuliko watoto wake. Nahodha, je, kwenye kivuko huwa kuna jaketi la kuokolea la ukubwa wa mtoto wa miezi 8, au nimwache nyumbani na mama mkwe?

NahodhaMstaafu alijibu:

Usikisie. Nenda gatini siku mbili kabla, uliza, na uombe uonyeshwe kwa macho. Wasipokuwa nalo la kumtosha, mtoto abaki na bibi yake, na ninyi mvuke na wale wanne.