CELTA, Delta au uzamili wa TESOL: mwalimu wa Kiingereza aanzie wapi?

mwalimu_pwani: Wakuu, salaam. Nina shahada ya kwanza ya ualimu, Kiingereza na Historia, na miaka minne sekondari. Nataka kuhamia kufundisha watu wazima Kiingereza kama lugha ya kigeni, ikiwezekana Muscat, Oman. Nasikia CELTA (cheti cha awali cha Cambridge cha kufundisha Kiingereza), nasikia Delta (stashahada yao ya juu zaidi), nasikia uzamili wa TESOL (kufundisha Kiingereza kwa wasemaji wa lugha nyingine). Kipi kitangulie? Na hiyo Delta inawaangusha watu wapi hasa?

chaki_nyeupe: Mwalimu, tenganisha cheti na shahada kabla hujalipa ada yoyote. Delta iko ngazi ya 7 kwa mfumo wa Uingereza, sawa na uzamili, ila si shahada. Tangazo la chuo kikuu likisema shahada ya uzamili, Delta haizibi pengo hilo. Shule za lugha huwa kinyume chake: nyingi zinataka CELTA au CertTESOL, cheti kama hicho cha Trinity College London, kwa kuwa humo kuna mazoezi ya kufundisha yanayokaguliwa. Uzamili unaweza kuumaliza kwa insha na tasnifu bila mtu hata mmoja kukuona mbele ya darasa.

Kwako wewe naanza na CELTA. Ni saa 120 za kozi, saa 6 za kufundisha wanafunzi halisi mkufunzi akiwa nyuma anaandika, saa 6 za kuangalia walimu wazoefu, na kazi 4 za maandishi za maneno 750 hadi 1,000. Ukisoma kutwa ni wiki nne au tano, na usipange kazi nyingine yoyote kipindi hicho.

Anayetoka sekondari huponzwa na mazoea. Anaeleza kanuni ubaoni dakika ishirini, kisha anauliza "Do you understand?" Darasa zima linaitikia "Yes, teacher", hata aliyesinzia. Wakufunzi wanataka maswali mafupi ya kukagua maana. Chukua "She's gone to Mombasa" na "She's been to Mombasa". Uliza: yuko Mombasa sasa hivi? Ya kwanza ndiyo, ya pili hapana, ameshatoka huko. Maswali hayo yaandike kwenye andalio la somo neno kwa neno; yakitungwa papo hapo huwa marefu kuliko somo lenyewe.

mwalimu_pwani: Shukrani mkuu. Na Delta?

irabu_tano: Ina moduli tatu, unaanza na yoyote. Ya kwanza ni mtihani wa karatasi mbili, dakika 90 kila moja. Ya tatu ni kazi moja ya maneno 4,000 hadi 4,500: unachagua kundi la wanafunzi, unachunguza mahitaji yao, unawabunia kozi na namna ya kuwapima.

Shughuli iko moduli ya pili. Masomo manne yanakaguliwa, mawili ya mfumo wa lugha (sarufi, msamiati, matamshi na kadhalika), mawili ya stadi (kusikiliza, kuzungumza, kusoma, kuandika), na la nne anakuja mtahini wa nje. Kila somo lina insha yake ya maneno 2,000 hadi 2,500. Watu wanaanguka kwa mada pana. "Wakati timilifu" (present perfect) ni kitabu kizima, hauenei kwenye insha moja. "Wakati timilifu wa kueleza uzoefu, kwa wanafunzi wa kiwango cha kati" unabebeka. Kosa la pili: insha inasema hivi, somo linafundisha vile.

Halafu matatizo ya wanafunzi yataje kwa chanzo chake. Mswahili anasema "He has worn a red shirt" akimaanisha amevaa sasa, kwa sababu -me- yetu inabeba pia hali iliyopo: amevaa, amelala, amesimama. Kiingereza hapo kinataka "is wearing". Ukiandika tu "wanachanganya nyakati", hujasema kitu. Muscat utabadili mifano: Mwarabu anaacha "is" kwenye "He teacher" maana lugha yake haihitaji kitenzi hapo, na "park" inatoka "bark" kwa kukosa p.

mwalimu_pwani: Na uzamili, ada ile ya Uingereza mtu anaitoa wapi?

chaki_nyeupe: Chevening, ufadhili wa serikali ya Uingereza, inalipia uzamili wa mwaka mmoja huko. Wanataka saa 2,800 za kazi, takribani miaka miwili, kwa hiyo unazo. Unachagua kozi tatu. Kabla hujachagua, uliza kila chuo kama kuna mazoezi ya kufundisha, kwani zipo zisizo nayo kabisa. Ila soma sharti la mwisho: ukimaliza unarudi nchini kwako kwa miaka miwili. Muscat itabidi isubiri. Na ukivutiwa na uzamili wa mtandaoni, muulize mwajiri kwa maandishi kama unatambuliwa huko, na hapa nyumbani uliza TCU (Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania), kabla ya kulipa.