Ndugu wawili wanalala barazani Malindi: mdogo ana pa kwenda, mkubwa je?

Mama_Maandazi

Assalaam alaykum. Mie nakaanga maandazi na bajia karibu na bandari ya Malindi, hapa Unguja, nafika pale kabla ya adhana ya alfajiri. Mkabala na mie kuna duka limefungwa siku nyingi, na kwenye baraza lake wanalala ndugu wawili, baba mmoja mama mmoja, kwao Wete, Pemba. Mama yao kafariki. Baba kaoa Mombasa, haji wala hatumi. Waliletwa Unguja kwa ami yao, Fuoni huko, yakatokea ya kutokea ndani ya nyumba (siyasemi, nimesikia upande mmoja tu), wakatoka na mkoba mmoja.

Mkubwa ana miaka 19, mdogo 15. Mkubwa anabeba mizigo bandarini: magunia, mikungu ya ndizi, friji za watu. Siku ikiwa nzuri anaondoka na elfu kumi. Siku ya upepo anakula maandazi yangu na kuandikiwa daftarini, na analipa, lazima niliseme hilo. Wanavyolala ndivyo vinavyonikata maini. Mdogo kasukumwa ndani kabisa, mgongo ukutani. Mkubwa kalala ukingoni, kamba ya mkoba kaifunga kwenye kifundo cha mguu. Anayetaka kumfikia mdogo amkanyage yeye kwanza.

Ramadhani chakula hakikuwa tabu, futari misikitini haikosekani. Sasa sikukuu imepita, masika hayo yanaingia, na lile baraza halina hata upenu.

Nimeambiwa mdogo anaweza kupokelewa nyumba ya watoto kwa kuwa ni mtoto, mkubwa hapana, keshakuwa mtu mzima. Nilipomfikishia maneno hayo akasema, "Basi mama, tuache hapa hapa." Anaogopa wakitenganishwa hatomuona tena. Kwangu nina chumba kimoja na mabinti watatu, mvulana wa miaka 19 simuingizi, hilo mnalielewa.

Naulizia: mkubwa atapata wapi pa kukaa? Na hizi nyumba za wakfu za Mji Mkongwe, si ziliwekwa kwa ajili ya watu kama hawa? Nijibuni kwa mnayoyajua. Huruma ninazo za kutosha.

Kijana_wa_Kikwajuni

Mama angalia. Wanaanza na baraza wanamalizia na dirisha. Mtaani kwetu tumeibiwa mpaka sufuria.

Mama_Maandazi

Ahsante mwanangu. Friji ya shemegi yangu ililala na huyo mkubwa bandarini usiku kucha kwa sababu gari haikuja. Asubuhi tumeikuta, na yeye kaiegemea. Tuendelee.

Bi_Mstaafu_Mwera

Dada yangu, nimefanya kazi ustawi wa jamii mpaka nikastaafu, nakwambia niliyoyaona mezani kwangu.

Sheria ya Mtoto ya Zanzibar, Namba 6 ya 2011, inasema mtoto ni aliye chini ya miaka 18. Kwa hiyo mdogo mlango anao: afisa ustawi wa wilaya, au 116, simu ya bure mchana na usiku. Lakini usidhani atapokewa leo na kesho yuko nyumba ya watoto Mazizini. Kule ni hatua ya mwisho. Kwanza anatafutwa jamaa: bibi, mama mdogo, hata huyo ami ataitwa aulizwe. Na kaka wa miaka 19 naye ni jamaa! Akiwa na pa kukaa panapoeleweka, na mtu mzima wa karibu wa kuwaangalia, hoja ya kuwaacha pamoja ina nguvu. Mwambie hivyo hivyo, kwa sababu khofu ndiyo inayomfanya amfiche mdogo wake.

Ila aende mwenyewe ofisini, mdogo kamshika mkono. Kaka aliyekuja kujieleza na kaka aliyekutwa usiku na mtoto barazani hawaangaliwi kwa jicho moja.

Upande wa mkubwa sikudanganyi. Nyumba ya kulaza kijana aliyepita 18 kwa sababu tu hana pa kulala, mie sikuwahi kuwa nayo ya kumpeleka mtu. Soba hausi ni za wanaoacha dawa za kulevya, hapelekwi mtu kule kwa kukosa kitanda. Tulichokuwa tukikifanya ni kumtafutia njia ya kupanga chumba, na njia hiyo inaanza na karatasi. Cheti cha kuzaliwa anacho? Kitambulisho cha Mzanzibari Mkaazi je? Umri keshaufikia, ni haki yake, na bila ya hicho kila anapogonga ataulizwa yeye ni nani. Sheha wa kwao Wete, yaani kiongozi wa serikali wa mtaa wao, ndiye anayewajua, basi kabla hajatumia nauli ya boti ampigie simu kwanza.

Wakfu: zile nyumba ziko chini ya Kamisheni ya Wakfu na Mali ya Amana, na nyingi zina wapangaji wa miaka. Ukienda kuomba chumba utarudi ulivyokwenda. Lakini Kamisheni hiyo hiyo inashughulika na zaka. Aombe msaada wa kodi ya mwanzo, barua ya sheha mkononi.

Fundi_Mbao

Mie nimelala Darajani kabla sijapata ufundi. Watu wanadhani tabu ni usingizi. Tabu ni pesa! Unapata elfu nane, pa kuiweka huna, basi unaimaliza kabla hujaibiwa: chipsi, soda, mwenzako kakopa. Ndiyo maana hamali anabeba mwaka mzima na kodi ya miezi miwili hana. Aliyenitoa mie ni mwenye duka la nguo, nilikuwa nampa elfu mbili kila jioni, anaandika. Mama, si una daftari la madeni? Ligeuze, umfungulie ukurasa kwa nyuma.

Kazi ya kulala huko huko zipo, bekari, au kulinda nyumba inayojengwa, lakini mdogo utamtia wapi? Labda kwa muda tu. Na waondoke hapo mapema kabla vijana wa maskani hawajawazoea. Unga wa kulevya mara ya kwanza hupewa bure.

Baba_Nuru_Magomeni

Mie ni mwenye nyumba, nitasema lile wenzangu wanalolimeza. Kijana simkatai kwa umasikini wake. Namkataa kwa sababu siku akiondoka na deni la umeme sina wa kumuuliza.

Chumba changu cha uani ni elfu 50 kwa mwezi, na kawaida nataka miezi sita mbele, laki tatu. Hamali hana laki tatu kwa mkupuo, najua. Nimeshapangisha kijana kwa mwezi mwezi kwa sharti mbili: sheha ana jina lake, na yuko mdhamini ambaye naijua biashara yake ilipo. Mdhamini simtaki alipe deni lote. Namtaka aniambie kijana yuko wapi. Tunaandikiana mbele ya sheha kwamba anabeba mwezi mmoja tu, basi. Watu wanakimbia kudhamini kwa sababu hakuna anayewaandikia kikomo.

Mama_Maandazi

Mwezi mmoja naweza. Ukurasa umeshafunguliwa, jana katoa elfu tatu, akaniuliza mara mbili kama naandika kweli. Cheti chake kimo mkobani. Cha mdogo kimebaki Fuoni, kitafuatwa na mie pamoja na mzee mmoja wa msikitini ambaye ami mtu hawezi kumwambia hapana. Bi Mstaafu, ofisini niende nao au niwaache peke yao?

Bi_Mstaafu_Mwera

Nenda nao, lakini mwache mkubwa aseme. Wewe sema unapofanyia biashara na umewajua vipi, ukae kimya. Usiende Ijumaa, nusu ya siku imekwenda. Na uliza khasa habari ya skuli ya mdogo, barua ya uhamisho itoke kule alikosoma Wete, wasije wakamuacha nje mwaka mzima kwa karatasi moja.

Baba_Nuru_Magomeni

Chumba kimoja kitakuwa wazi mwisho wa mwezi. Waje wote wawili wakione kwanza, baada ya asri nakuwepo. Choo wanashirikiana na wapangaji wengine, maji wanachota kisimani, wageni wa usiku sitaki. Kitanda hamna.

Fundi_Mbao

Mbao wakipata, kupiga nitapiga mie bila pesa. Viwili, vya tatu kwa sita.

Baba_Nuru_Magomeni

Viwili vitabana fundi, chumba ni futi kumi kwa kumi. Piga dabodeka.