Riwaya za Robin Stevens kwa wanafunzi wa kidato cha pili: tuanzie wapi?

Mwalimu, Masasi
Ndugu wasomaji, ninasimamia klabu ya usomaji katika shule ya bweni ya wasichana, na ninapenda tusome mfululizo wa riwaya za upelelezi za Robin Stevens wa Uingereza, ulioanza mwaka 2014 kwa kitabu cha Murder Most Unladylike. Wapelelezi wake, Daisy Wells na Hazel Wong, nao ni wanafunzi wa bweni, wa miaka ya 1930. Je, tuanze na hicho cha kwanza, ingawa anayeuawa ni mwalimu?

Mama wa Mikindani
Mwalimu, anzeni nacho bila kusita. Hazel anamkuta Miss Bell, mwalimu wa sayansi, amekufa kwenye ukumbi wa mazoezi. Anakimbia kuita wenzake, na wanaporudi mwili haupo. Baadaye inaonekana barua ya kujiuzulu, kwa hiyo watu wazima hawana sababu ya kumtafuta muuaji, na kazi yote inawaangukia watoto wawili. Binti yangu hakutishika hata kidogo. Alichukizwa tu kwamba hakuna mkubwa aliyeshtuka.

Msomaji, Lindi
Naungana na Mama, ila ningependa Mwalimu amtazame Hazel kwa makini zaidi. Daisy ndiye rais wa chama chao cha upelelezi na ndiye mwenye kujiamini, lakini anayeandika kila kitu daftarini ni Hazel, aliyetoka Hong Kong na kuikuta shule yenye taratibu asizozijua, pamoja na wenzake wanaomdharau kwa sababu ya asili yake. Msichana aliyetoka kijijini Tandahimba au Nachingwea akaingia bwenini kwa mara ya kwanza atamwelewa haraka, na maneno hayo ya dharau yazungumzeni waziwazi darasani, msiyaruke.

Kila mwanafunzi awe na daftari lake, aandike kila mshukiwa alikuwa wapi jioni ile na alikuwa na sababu gani ya kuua, kisha amfute yule ambaye ushahidi umemwondoa. Simamisheni usomaji kabla ya muuaji kutajwa, kila mmoja ataje wake na kumtetea. Death Sets Sail cha mwaka 2020, kinachotokea kwenye mto Nile, kiacheni mwisho kabisa, kwa sababu uzito wake unategemea urafiki uliojengwa katika vitabu vyote vilivyotangulia.

Mwalimu, Masasi
Ahsanteni sana. Kwa kuwa tuna nakala moja tu, nitawasomea kwa sauti jioni, na madaftari tutayaanza wiki hii.