Malalamiko: Nex Machina ni gemu bora ya vijiti viwili, lakini walioitengeneza na wanaotuchezesha wanaiharibu

Wakuu wa jukwaa, heshima kwenu. Nafungua uzi huu nikiwa na hasira na sitaificha, kwa sababu jambo lenyewe limenichosha, na naamini wapo wengine hapa Tanga, kuanzia Ngamiani hadi Chumbageni, ambao limewachosha vilevile. Ninaizungumzia Nex Machina, gemu ya kupiga risasi kwa vijiti viwili iliyotengenezwa na studio ya Housemarque ya Finland na kutoka Juni 2017 kwa ajili ya PlayStation 4 na kompyuta. Kwangu mimi hakuna gemu ya aina hii inayoifikia. Kinachoniudhi ni kwamba kasoro zake karibu zote zingeweza kurekebishwa, lakini hakuna aliyejishughulisha, si kule ilikotengenezwa wala huku kwenye vibanda tunakolipia muda kuichezea.

Kwa faida ya asiyeijua aina hii, kijiti cha kushoto kinampeleka mhusika anakotakiwa kwenda, na cha kulia kinaamua risasi zielekee wapi, pasipo kitufe cha kufyatulia. Kwa hiyo unaweza kukimbilia juu ya skrini huku ukiwamiminia risasi wanaokufukuza kwa nyuma, na mikono yako miwili inafanya kazi mbili tofauti kwa wakati mmoja. Wabunifu wa gemu Eugene Jarvis na Larry DeMar walionyesha utamu wa jambo hilo mwaka 1982 walipoitengeneza Robotron: 2084, mashine ya kampuni ya Williams yenye vijiti viwili vinavyoelekea pande nane, iliyowekwa katika kumbi ambamo mchezaji alitumbukiza sarafu, akacheza, akafa, akampisha mwenzake. Housemarque walimfuata Jarvis huyohuyo awe mshauri wao, na ushauri wake unaonekana tangu chumba cha kwanza.

Uzuri wake nitausema wote, maana sitaki mtu adhani nimekuja kuponda. Risasi moja inakuua. Hakuna mstari wa uhai unaopungua polepole, hakuna dawa ya kujiponya, na kwa sababu hiyo kila hatua unayopiga ina maana. Umepewa mruko wa ghafla unaokuwezesha kupenya katikati ya risasi bila kudhurika, lakini ukishautumia unapaswa kusubiri kidogo kabla haujarudi, na kipindi hicho cha kusubiri ndicho kinachoua wachezaji wengi. Picha inakwenda kwa fremu 60 kwa sekunde hata skrini inapojaa vipande vya vitu vilivyolipuliwa. Ukifa unajua kosa lilikuwa lako, na hiyo ni haki.

Kilichonikamata zaidi ni wale binadamu wa kuokolewa. Katika kila chumba wametapakaa watu wanaosubiri uwafikie, na ukimwokoa mmoja saa inaanza kuhesabu. Ukimfikia mwingine kabla haijaisha, mlolongo wako unaendelea na alama zinapanda, na unaweza kuuvusha kutoka chumba hadi chumba. Wakati huohuo, adui wa mwisho akishakufa unarushwa papo hapo kwenye chumba kinachofuata, na binadamu uliyemwacha umempoteza. Mchezaji hodari basi hakimbilii kuua. Anamwacha adui mmoja hai kwa makusudi, anamzungusha, anakwenda kumchukua binadamu wa pembeni sekunde ya mwisho, ndipo anageuka kummaliza. Mkiwa wawili, mmoja anamshughulisha adui na mwingine anaokota watu, mnapigiana kelele, na walioko nyuma yenu kwenye benchi wanapiga kelele kuliko ninyi. Sijaona gemu ya mpira iliyowahi kuamsha kibanda namna ile.

Sasa kasoro. Ya kwanza ni msongamano wa skrini. Waliotengeneza gemu hii wamependa mno milipuko yao, kiasi kwamba katika vyumba vya mbele risasi ya adui, cheche na kipande cha ukuta kilichovunjika vinashindana kwa rangi moja ile ile ya kung'aa. Kwenye televisheni mpya yenye skrini kubwa jicho linazoea. Kwenye televisheni ndogo ya kibandani, ambayo rangi zake zimekwisha kufifia, mchezaji anakufa kwa kitu ambacho hakukiona, na hapo ile haki niliyoisifia inatoweka. Gemu inayoua kwa risasi moja ina wajibu wa kuionyesha risasi hiyo.

Ya pili ni siri zisizoelezwa. Kuna milango iliyofichwa, kuna binadamu waliofichwa, kuna viumbe wanaopita haraka na kutoweka, na mwishoni unaonyeshwa hesabu ya ulivyovikosa, lakini hakuna mahali unapofundishwa kwamba ukuta fulani unavunjika au kwamba kitu kile cha pembeni hakikuwa pambo. Mwenye gemu nyumbani kwake atarudia mpaka agundue. Anayelipia muda hana nafasi ya kupiga risasi kila ukuta.

Ya tatu ni ufupi. Aliyeizoea anaimaliza kwa takribani saa moja, na baada ya hapo kinachobaki ni kuongeza ugumu na kutafuta alama. Hili mimi linaniudhi kidogo tu, kwa kuwa gemu za aina hii hurudiwa kwa ajili ya alama, lakini naelewa kwa nini aliyetoa fedha zake alinuna.

Ya nne siwezi kuisamehe. Watu wawili wanaweza kucheza pamoja, lakini ni lazima wawe mbele ya skrini moja. Mwaka 2017, gemu inatoka bila uwezo wa kucheza na mwenzako kwa njia ya mtandao! Binamu yangu yuko Muheza na mimi niko Makorora, na hatuwezi kucheza pamoja mpaka mmoja wetu apande gari. Tena ilipotoka iliuzwa kwa kupakuliwa mtandaoni, wakati vibanda vyetu vingi vinaishi kwa diski zilizotumika zinazopita mkono kwa mkono. Kwa hiyo walinyima mtandao mahali tulipouhitaji, wakaulazimisha mahali tusipokuwa nao.

Halafu, Novemba 2017, Housemarque walitangaza kwamba arcade, yaani gemu za mtindo wa zile kumbi za sarafu, imekufa. Walisema gemu zao zinasifiwa lakini haziuziki, na kwamba wanahamia aina nyingine. Walihama kweli, wakatoa gemu ya Returnal mwaka 2021, na mwaka huohuo Sony, wenye PlayStation, wakainunua studio yenyewe. Sina kinyongo na mtu anayetafuta riziki yake, na kampuni isiyouza haiwezi kulipa mishahara. Ninachokataa ni ile kauli. Njooni Ngamiani jioni mtuambie kwamba arcade imekufa. Watu wanalipia muda wao, wanasimama foleni nyuma ya anayecheza, aliyeshindwa anampisha mwenzake, na alama za juu zinakumbukwa kwa majina mpaka wiki inayofuata. Kama si hiyo arcade, basi ni nini? Gemu haikukosa watu wa kuicheza. Ilikosa njia ya kuwafikia.

Nimewasema wa mbali, sasa niwaseme wa karibu, na hapa ndipo hasira yangu ilipo zaidi. Wenye vibanda, mnatutoza muda kamili kwa padi zilizokufa, yaani vile vidhibiti vya mkononi vyenye vijiti. Sitamtaja mtu wala kibanda, kwa sababu si kimoja. Padi niliyopewa Jumamosi iliyopita mpira wa juu wa kijiti chake cha kulia ulikuwa umechunika wote, imebaki plastiki tupu inayoteleza kidole kikipata jasho. Nilipoiweka mezani bila kuigusa, mhusika aliendelea kupiga risasi mwenyewe, akielekea kulia na chini kidogo. Nilipomwonyesha kijana anayesimamia, alikizungusha kijiti mara kadhaa, akakipuliza, akanirudishia, akaniambia padi ni nzima kwa sababu wenzangu wameichezea gemu ya mpira tangu asubuhi bila kulalamika.

Jibu hilo ndilo chanzo cha tatizo lote. Katika gemu ya mpira kijiti cha kulia kinatumika zaidi kwa chenga za madoido, na wengi hawakigusi sana, kwa hiyo kinaweza kufa miezi mingi kabla mtu hajagundua. Katika gemu ya vijiti viwili kijiti hicho ndicho bunduki yako. Ndani yake mna vipimio viwili vidogo ambamo ncha ya chuma inasugua ukanda wa kaboni kila kinaposogezwa. Ukanda ukichakaa au vumbi likiingia, mashine inasoma mwendo ambao kidole hakikuufanya. Unalenga juu, risasi zinakwenda pembeni, adui anapita, unakufa, na muda wako uliolipia unaendelea kuhesabiwa. Kisha mwenye kibanda anasema gemu yenyewe haipendwi, anaifuta kwenye mashine ili apate nafasi ya gemu nyingine ya mpira. Hivyo ndivyo Nex Machina ilivyoondolewa katika kibanda nilichokuwa nakitegemea.

Wapo watakaoniambia nivumilie, kwamba padi mpya ni ghali na biashara ni ndogo. Naelewa kwamba ni ghali. Lakini kijiti peke yake kinabadilishwa; fundi yeyote wa simu anayejua kuchomelea lehemu anaweza kuking'oa kibovu na kukipachika kipya, na kofia za mpira za kuvalisha juu ya vijiti zinauzwa kwa bei ndogo. Hakuna anayedai padi mpya kwa kila mteja. Itengwe padi moja tu katika kila kibanda, isiguswe na wacheza mpira, ifunikwe na kitambaa usiku, na atakayetaka gemu ya vijiti viwili apewe hiyo. Ikiwa mnataka kuongeza bei kidogo kwa ajili ya padi hiyo, ongezeni, tutalipa. Na mteja akionyesha kwamba kijiti kinajisogeza chenyewe, muda wake usimamishwe mpaka abadilishiwe, kwa kuwa hakuna duka linalokuuzia kilo kwa mizani mbovu likadai ni kosa lako.

Kama kuna mwenye kibanda wa Tanga anayesoma hapa na ambaye bado ana Nex Machina kwenye mashine yake, pamoja na padi mbili ambazo vijiti vyake vyote vinne ni vizima, aandike mtaa wake chini ya uzi huu. Binamu yangu anakuja kutoka Muheza mwishoni mwa wiki, na tunahitaji saa mbili mfululizo.