Ng'ombe bila ritifaa: nimjibu vipi mwanangu?

Mama wa Tandika
Shikamooni wakubwa. Mwanangu wa darasa la pili kaandika "ngombe" bila ritifaa, yaani ile alama ('), akakatwa maksi. Nikamtamkia "ngoma", kisha "ng'ombe", tofauti akaisikia. Halafu kaniuliza: "Mama, kwa nini sauti moja iandikwe kwa herufi mbili na alama juu?" Nikakwama. Nataka nimjibu sawasawa, maana mtoto anayeuliza hivyo asinyamazishwe.

Mwalimu mstaafu, Temeke
Marahaba, binti yangu. Alfabeti ya Kirumi haina herufi ya sauti hiyo, nasi tumeiazima. Kwenye "ngoma" unasikia sauti ya puani, kisha g inafuata. Kwenye "ng'ombe" g haipo kabisa, inabaki ile ya puani tu. Ritifaa ndiyo inayomwambia msomaji asiitamke g. Waingereza hawana alama hiyo: "singer" na "finger" wanaandika ng ileile, lakini g inasikika kwenye "finger" peke yake. Mtoto wao lazima akariri. Wako anasoma anachokiona, na hilo ninalipenda sana katika lugha yetu.

Mjukuu wa Mvita, Kariakoo
Nakubaliana na mwalimu, ila si kila kitu tunakiandika. Bibi yangu wa Mombasa akitaja paa mnyama, p inatoka na pumzi. Paa la nyumba, haina. Kwenye karatasi yote ni "paa".

Mama wa Tandika
Asanteni mno. Nimemwambia ashike pua atamke "ng'ombe". Sasa anazunguka uani akijaribu kila neno.