Likizo yote nimpe mwalimu wa udereva, au nijifunze polepole wikendi?

NesiWaKajjansi
Habari zenu ndugu zangu. Mimi ni nesi, naishi Kajjansi, nje kidogo ya Kampala, kazi yangu iko Mengo, mjini. Mume wangu yuko Juba kikazi na gari lake, Premio ya oto, limekaa uani linanyeshewa tu. Tumekubaliana nijifunze nianze kulitumia, maana zamu zangu zinanifanya nibishane bei na watu wa bodaboda usiku mkubwa.

Shule ya udereva ya hapa karibu imenipa njia mbili. Ya kwanza ni wiki mbili mfululizo: kipindi asubuhi, kipindi jioni, kila kimoja saa nzima, kisha mtihani. Ya pili ni Jumamosi na Jumapili tu, kipindi kimoja kwa siku, kwa miezi mitatu. Bei ni ileile. Likizo yangu inaanza mwezi ujao na moyo unaniambia nimalize mara moja. Lakini usukani sijawahi kuushika hata siku moja. Mliopitia, mnasemaje?

KondaMstaafu
Dada, chukua wiki mbili. Wa wikendi kila Jumamosi anaanza upya na klachi, mwalimu naye anakula hela akimkumbusha ya wiki iliyopita.

MwalimuArua
Konda ana ukweli nusu. Mwaka 1978 watafiti wa Uingereza, Baddeley na Longman, walifuatilia wafanyakazi wa posta waliokuwa wakijifunza kupiga chapa. Wapo waliofanya saa moja kwa siku, na wapo waliofanya saa nne. Wa saa moja walifikia kiwango kilekile kwa jumla ya saa chache zaidi. La kuchekesha, haohao ndio waliolalamika zaidi, kwa sababu waliona siku zinakwenda hawamalizi. Kwa hiyo hamu ya kumaliza haraka isikupe jibu.

Lakini dada, mpango wa wikendi nao siupendi. Kutoka Jumapili hadi Jumamosi ni siku nyingi mno kwa mtu ambaye mguu wake haujajua breki iko wapi. Waulize kama watakubali kipindi kimoja kila siku muda wote wa likizo, vilivyobaki umalizie wikendi ukirudi kazini. Hilo hawakukupa kwa kuwa hukuliomba.

Shuka_Gia
Miezi mitatu yote ya nini? Tafuta mtu, toa kitu kidogo, leseni inakuja mpaka nyumbani.

MamaBombo
Wewe Shuka_Gia, huyu ni nesi. Majeruhi wa hao wenye leseni za kuletewa nyumbani yeye ndiye anayewapokea. Tuache mzaha.

Mwanangu, nimefundisha watu udereva miaka mingi kabla magoti hayajanigomea, na swali lako lina kitu kimeachwa. Gari lako ni oto, lakini shule nyingi zitakuweka kwenye manyuo, yaani gari la kubadilisha gia kwa mkono. Usikatae. Ukiweza manyuo, oto itakuwa mteremko, na leo ukiambiwa uhamishe gari la jirani utaweza. Ila manyuo ndiyo inayokula vipindi, hasa kuondoka kwenye mwinuko. Kampala ni vilima, na hapo kazini kwako Namirembe iko upande huu, Rubaga upande ule. Utasimama kwenye mwinuko, teksi imekuganda nyuma, dereva wake anapiga honi, na gari likirudi nyuma kidogo tu umemgonga. Kipindi cha kwanza mtu analizima gari mpaka anatoka jasho. Akilala usiku, kesho mguu unajua kitu ambacho jana ulikuwa haujui. Nimeliona kwa wanafunzi wengi kiasi kwamba sihitaji mtafiti. Wale wa asubuhi na jioni, kile cha jioni mara nyingi walikuwa wanarudia makosa ya asubuhi wakiwa wamechoka zaidi. Namuunga mkono mwalimu.

MtuWaBunia
Mimi naongezea la wageni. Kwetu Kongo tunaendesha kulia, na nilikuja hapa tayari ni dereva. Kwangu siku chache mfululizo zilitosha kabisa, kwa kuwa gari nililijua, nilichobadilisha ni upande tu. Kilichonisumbua ni raundabauti: hapa unampisha anayetoka kulia kwako, na mimi macho yalikuwa yanakimbilia kushoto. Sasa dada hana cha kubadilisha, anajenga kutoka chini. Asijilinganishe na watu kama mimi wanaosema "nilimaliza kwa wiki".

NesiWaKajjansi
Asanteni sana. Mama Bombo, shikamoo. Nina la kuuliza: kama nikimalizia wikendi, kuna Jumamosi nitakuwa nimetoka zamu ya usiku. Niende tu?

MamaBombo
Marahaba. Usiende. Sogeza kipindi, hata wakikukata hela. Na ukishapata leseni, kanuni iwe hiyohiyo: siku ya kutoka zamu ya usiku gari libaki nyumbani.

Na hilo gari la uani usiliguse peke yako kabla ya mtihani, hata kwenda dukani. Mwenye leseni ya kujifunzia anakaa na dereva mwenye leseni kamili, na bango la L liwe mbele na nyuma. Kama una shemeji anayeendesha na ana subira, mazoezi ya katikati ya wiki uyafanye naye. Hayo yatakusaidia kuliko kuongeza vipindi.

KondaMstaafu
Shemeji mwenye subira na mwanafunzi wa gari, huyo hajazaliwa. Lakini nimekubali, nafuta la wiki mbili.

NesiWaKajjansi
Nimewapigia. Wamekubali kipindi kimoja kwa siku, ila wananipa saa kumi na mbili na nusu asubuhi tu, tena Jumapili saa hiyo hawapo. Mwalimu anasema atanipitisha njia za ndani za Kajjansi na Lweza kwa kuwa hazina magari. Nikubali?

MamaBombo
Wiki ya kwanza kubali, ndipo pazuri pa kujifunzia gia. Kuanzia ya pili mwambie akutoe barabara ya Entebbe mpaka Zana na kurudi, ukutane na teksi zinazosimama bila indiketa. Akisema hapana, badilisha mwalimu, hapohapo shuleni wapo wengine. Na vipindi vitatu vya mwisho waombe viwe jioni, njia yako halisi ya kazini, kupitia raundabauti ya Kibuye watu wanapotoka makazini. Kimoja kati ya hivyo ombea mvua inyeshe.